Kariakoo haimo kwenye modeli za kununua

Ubishi wa wachora katuni wa Dar es Salaam kuhusu mandhari ya nyuma haujaisha: kila ukuta na kila nguzo ya umeme vichorwe kwa mkono, au mtu apite njia ya mkato? Fremu moja ya Mtaa wa Kongo jioni, yenye wamachinga, miavuli na guta lililokwama, inaweza kula siku nzima ya kazi. Msomaji anaipita kwa sekunde chache.

Watetezi wa mkato wana hoja nzito. Hergé, Mbelgiji aliyechora Tintin, alianzisha studio yake Brussels mwaka 1950, na wasaidizi kama Bob de Moor wakawa wanamchorea majengo na magari. Japani nako, mandhari kwa kawaida huachiwa wasaidizi. Basi kijana wa Tandika asiye na msaidizi hata mmoja, akiweka jengo la pande tatu kwenye kompyuta na kuchora juu yake, kosa lake ni lipi? Mimi silioni.

Ninachokiona ni kwamba mkato una kwao. Clip Studio Paint ni programu ya Kijapani ya kuchorea katuni, na modeli zake nyingi za kupakua, yaani majengo na vitu vya pande tatu vilivyotengenezwa tayari, zinafuata mahitaji ya huko. Ndiyo maana unakuta mama ntilie anapakua wali mbele ya ghorofa ambalo halijawahi kujengwa Buguruni. Picha ya simu nayo ina mtego wake. Lenzi yake ni pana, kwa hiyo ukiinua simu kupiga maghorofa ya Samora, kuta zinalala. Ukizifuatisha mstari kwa mstari, halafu ukamsimamisha mbele ya kuta hizo mtu uliyemchora kwa macho tu, anaonekana amebandikwa.

Wanaoshikilia mkono wana haki hapo: anayechora mwenyewe anachagua cha kuacha. Lakini wengi wao hawaachi kitu! Fremu sita, mabati yote yamehesabiwa, na uso wa mhusika umepotea humo.

Kwangu mimi, jasho liishie kwenye fremu moja pana kila tukio linapohamia mahali papya. Zinazofuata zitosheke na kona ya meza, kivuli, au weupe mtupu. Umati wa Kariakoo una hesabu nyepesi: jicho la mtazamaji likiwa usawa wa mtu mzima aliyesimama, vichwa vya watu wazima, wa karibu na wa mbali, vinakaa karibu na mstari uleule wa upeo, pale ardhi na mbingu zinapoonekana kukutana, miguu tu ndiyo inapanda au kushuka. Kibanda, bajaji na daladala vichorwe vizuri mara moja, kwa pembe tatu hivi, vihifadhiwe na kutumiwa tena. Ila ukiirudisha daladala, badilisha maandishi ya njia. Msomaji wa Mbagala atakusamehe ukuta uliopinda, hatakusamehe gari la Mbagala–Kariakoo ukilipitisha Mwenge.