Risasi Nayo Ni Asilia

Ijumaa iliyopita nilikuwa Tanga kwenye arobaini ya mjukuu wangu, mtoto wa binti wa kaka yangu. Maulidi yalisomwa, pilau ililiwa, na mtoto alipitishwa mikononi mwa wazee mmoja baada ya mwingine hadi akanifikia. Nyusi zake zilikuwa zimechorwa wanja mnene, kwenye paji la uso palikuwa na doa kubwa la kuzuia husuda, na ndani ya kope, kwenye ule utando mwekundu ambao hata mtu mzima hauvumilii kuguswa, ulipita mstari mweusi unaometameta. Nilipouliza wanja huo umetoka wapi, mama yake alinijibu kwa fahari: "Usihofu, shangazi, huu hauna kemikali. Ni asilia mtupu."

Aliniletea pakiti yake. Ilikuwa na picha ya jani la kijani, ingawa sijawahi kusikia wanja wa namna hii ukichumwa mtini, na chini ya jani yalikuwepo maneno "Asilia 100%" na namba ya simu. Jina la mtengenezaji halikuwepo, tarehe haikuwepo, na orodha ya viambato, hata kiambato kimoja, haikuwepo. Nilimrudishia pakiti nikanyamaza, kwa sababu mama mkwe wake alikuwa ameketi hapo na shughuli ilikuwa ya watu. Nyumbani sikuweza kunyamaza, na ndiyo maana ninaandika.

Ninamwelewa binti huyu. Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na wanawake wa rika lake wamekua wakitazama nyuso za dada zao zikiharibiwa na mkorogo, yaani zebaki na haidrokwinoni zilizofungwa katika vikopo vyenye picha za wanawake weupe. Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, hapo kwanza uliweka kikomo cha zebaki katika vipodozi kuwa sehemu 1 katika milioni, na baadaye nchi wanachama zikakubaliana kuachana na vipodozi vyote vilivyotiwa zebaki ifikapo mwaka 2025, lakini mkorogo bado unapatikana kwa yeyote anayeujua mlango wa kubisha. Mtu akiishatishika kiasi hicho, neno "asilia" humtuliza kama maji ya dafu. Ni haki yake kukimbia. Ninachosikitikia ni kwamba katika kukimbia huko hakuna aliyemwambia atazame anakokwenda.

Mimi mwenyewe nimekimbia hivyo hivyo. Kwa karibu mwaka mzima niliviweka kando vipodozi vya viwandani na kununua vya asilia, vingi kutoka kwa akina dada wanaouza kwa simu. Rangi ya mdomo ya bitiruti na mafuta ya nazi ilinipendeza kwa muda wa nusu saa. Baadaye nilikumbuka kwamba mafuta ya nazi huanza kuyeyuka kwenye nyuzijoto zipatazo 24, na Dar es Salaam sijui ni mchana gani haupiti hapo, hivyo niliifuta iliyobaki kutoka ndani ya mkoba wangu kwa kitambaa, pamoja na kitambulisho na nauli. Jeli ya mshubiri "isiyo na kihifadhi chochote" iliota ukungu kabla mwezi haujaisha, jambo ambalo ni la haki kabisa, kwa kuwa chochote chenye maji kisichokuwa na kihifadhi ni chakula cha vijidudu. Kuhusu maji ya limau usoni kabla ya kutoka juani nitasema tu kwamba huunguza ngozi, na alama zake hukaa. Na ile rangi nyekundu ya mdomo iliyotoka Ulaya, ya bei ya kunifanya nione haya kuitaja, ilikuwa na karmini, ambayo hutokana na wadudu wadogo wanaofugwa juu ya mimea ya dungusi kule Peru. Ni asilia, sibishi. Niliipaka hadi ikaisha, kwa kuwa mdudu huyo angalau alikuwa ametajwa kwenye boksi.

Hasara hizo zote zilikuwa za mfuko na za uso wangu mwenyewe. Wanja ni jambo jingine.

Wanja wa manga, ule ung'aao, hutengenezwa kwa kusaga jiwe. Jiwe hilo mara nyingi ni galena, na galena ni risasi iliyoungana na salfa. Lugha yetu haikuona haja ya kuyatenganisha majina: risasi iliyomo ndani ya galena na risasi itokayo kwenye mtutu wa bunduki ni neno moja. Wapo watakaonikumbusha ithmidi, wanja wa jiwe uliosifiwa katika hadithi za Mtume, na ninaiheshimu sunna kama wao, lakini ithmidi iliyosemwa na unga uliomo ndani ya pakiti ya mfanyabiashara wa leo si lazima viwe kitu kimoja. Antimoni na galena yote ni mawe mazito, meusi, yenye kumeta, na atakayekuthibitishia kwa macho matupu kwamba amekuuzia hili wala si lile anakudanganya, au anajidanganya. Nchini Marekani wanja wa aina hii hauruhusiwi kuuzwa kama kipodozi, kwa kuwa haumo katika orodha ya rangi zilizoidhinishwa. Kwetu unauzwa na jani la kijani juu yake.

Tena tusidhani kwamba wanja wa machoni hubaki machoni. Kila aliyewahi kutiwa dawa ya macho akausikia uchungu wake kooni anaijua njia hiyo: machozi hushuka kupitia puani hadi kooni, na hubeba yaliyomo. Mtoto wa siku 40 naye anajifikicha macho kwa ngumi, kisha ngumi hiyo anaitia mdomoni, mara mia kwa siku. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama, na kwamba mtoto mdogo hufyonza risasi aliyoimeza mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima. Risasi hiyo haimpi homa wala upele wa kumfanya mama akimbilie kituo cha afya. Huenda ikatulia mwilini, ikaathiri ubongo unaojijenga, na miaka saba baadaye mwalimu akaandika kwenye ripoti kwamba mtoto ni mzito wa kuelewa, na baba akachukua fimbo. Nani atakumbuka wanja wa arobaini?

Ninajua nitaambiwa kwamba bibi zetu walijipaka na wakaishi. Bibi yangu wa Pangani alijipaka wanja kila siku ya maisha yake, na ninamtaja kwa sababu yeye ndiye shahidi wangu. Alikuwa akiwasha utambi katika mafuta ya mbarika, akafunika kwa chungu kilichopinduliwa, kisha asubuhi akakwangua masizi na kuyachanganya na tone la samli. Sisemi kwamba masizi ni dawa ya macho. Ninasema kwamba ungemuuliza bibi nini kimo ndani ya kidau chake cha wanja, angekujibu kwa pumzi moja, na angekuonyesha chungu. Singo yake vilevile: liwa, manjano, mawaridi, na kila kimoja alikijua kilitoka kwa nani. Hina aliitwanga mwenyewe na akaiacha mkononi usiku kucha, ikatoka ya rangi ya chungwa iliyoiva hadi kahawia. Ile nyeusi ti inayokauka kwa nusu saa ni piko, rangi ya nywele, na imewababua maharusi wengi walioambiwa kwamba ni hina.

Kwa shingo upande nakiri kwamba kiwandani nako hakuna malaika, na kwamba mama mjasiriamali anayechemsha sabuni jikoni hawezi kushindana na makampuni katika gharama za vipimo na usajili. Tangu mwaka 2019 vipodozi viko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, na sina shaka kwamba foleni ipo. Alama ya Kilimohai, iliyozaliwa pamoja na kiwango cha Afrika Mashariki cha mwaka 2007, ni kwa ajili ya mazao ya kilimo hai na haimwambii mtu lolote kuhusu jiwe lililosagwa. Lakini mwenye uwezo wa kuchapisha jani la kijani kwa rangi ana uwezo wa kuchapisha, kwa wino uleule, maneno matatu ya kusema ndani mna nini.

Jumamosi asubuhi nilimpigia simu binti yangu nikamweleza yote haya kwa utaratibu. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Shangazi, sasa mama mkwe nitamwambia nini? Yeye ndiye aliyeununua." Nilimwambia anisingizie mimi, aseme shangazi mtu ana hofu zake za mjini. Alimfuta mtoto kwa pamba na mafuta, na doa la paji la uso wakakubaliana litachorwa kwa masizi, mbali na macho.

Kisha niliiandikia ile namba iliyo kwenye pakiti, nikauliza kwa adabu wanja wao unatengenezwa na nini. Jibu lilikuja upesi: "Ni asilia kabisa kipenzi, hauna kemikali." Nikaandika tena kwamba hilo nimelisoma, ninachotaka ni jina la jiwe. "Hiyo ni siri ya bibi yetu, dada." Nikauliza kwa mara ya tatu kama jiwe hilo limewahi kupimwa risasi. Alama mbili za buluu zilitokea, na baada ya dakika chache picha yake, ile ya jani, ikatoweka kwenye simu yangu.