Faili Moja au Nakala Nyingi: Tabora na Waraka Unaogoma Kufunguka

Katika steshenari za Tabora mjini, hasa wanafunzi wa vyuo wanapokaribia kukabidhi ripoti za utafiti, malalamiko mawili husikika kuliko mengine: printa imekwama, na faili limegoma kufunguka. La kwanza humalizwa kwa kufungua kifuniko na kuvuta karatasi. La pili huzua mabishano, kwa sababu kila aliyewahi kupoteza kazi ana kinga yake anayoiamini. Wapo wanaosisitiza kwamba mtu awe na faili moja tu na awe akilihifadhi kila baada ya dakika chache. Wapo pia wanaosema kwamba faili moja ni kujitafutia msiba, na kwamba kazi yoyote ya maana iwe na nakala kadhaa zenye majina tofauti. Mabishano haya yana mizizi hapa, kwani Tawi la Tabora la Chuo cha Utumishi wa Umma, lililorithi kazi ya Chuo cha Uhazili, huandaa makatibu mahsusi na pia watunza kumbukumbu. Katibu mahsusi anataka kazi ya mkubwa wake isipotee. Mtunza kumbukumbu anataka waraka rasmi uwe mmoja, usiwe na mapacha.

Kabla ya kupima hoja hizo ni vema kujua kinachoharibika ni nini. Tangu Microsoft Word ya 2007, faili lenye kiishio cha docx si waraka mmoja bali ni kifurushi kilichobanwa kwa mtindo wa zip. Maneno yamo katika sehemu yake, picha zimo katika folda yake, na mitindo ya vichwa vya habari na aya imo katika sehemu nyingine. Orodha inayoeleza kila kitu kiko wapi huandikwa mwishoni kabisa mwa kifurushi. Kwa hiyo uandishi ukikatizwa njiani, huenda sura nne za ripoti zikawa zimeshaingia salama, lakini kwa kuwa orodha haipo, programu hutangaza kwamba faili haliwezi kufunguliwa. Mwenye kazi huamini kwamba kila kitu kimeteketea, ilhali mara nyingi fundi mwenye programu ya kukarabati mafaili ya zip hupata sehemu kubwa ya maandishi, hata kama picha na majedwali yatakuwa yamevurugika.

Upande wa faili moja una hoja nzito zaidi ya wanavyodhani wapinzani wake. Word haiandiki moja kwa moja juu ya faili la zamani. Kwa kawaida huandika kwanza faili la muda, kisha hulibadilisha jina lishike nafasi ya lile la awali. Umeme ukikatika katikati ya hatua hiyo kwenye kompyuta ya mezani, aghalabu toleo lililotangulia hubaki. Zaidi ya hapo, programu hutunza nakala ya dharura kila baada ya dakika 10, isipokuwa mtumiaji awe amebadilisha muda huo. Ofisi ikiwa na UPS, yaani kifaa chenye betri kinachoendesha kompyuta umeme ukikatika, inayohimili hata dakika chache tu, hatari inayobaki ni ndogo.

Lipo pia suala la mpangilio. Yeyote aliyefanya kazi katika ofisi ya kata au chama cha msingi cha wakulima wa tumbaku amewahi kukutana na folda yenye “muhtasari”, “muhtasari mpya”, “muhtasari mwisho” na “muhtasari mwisho kabisa”, huku ule uliopitishwa na kikao ukiwa hauko katika yote manne. Waraka wenye kosa ukichapishwa, ukagongwa muhuri na kupelekwa wilayani, madhara yake yanaweza kuzidi ya faili lililoharibika, maana faili bovu hukataa kufunguka na mtu akajua kuna tatizo, lakini toleo lisilo sahihi hufunguka vizuri kabisa. Isitoshe, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeongeza uzito wa hoja hii: orodha ya watumishi yenye namba za simu na akaunti za benki ikitapakaa katika flashi tano, ofisi imejiongezea milango mitano ya kuvujisha siri.

Pamoja na hayo, ushauri wa kuhifadhi kila mara una kasoro ambayo watetezi wake huipita haraka. Kuhifadhi hulinda kazi isipotee kwa kukatika kwa umeme. Hakuilindi dhidi ya ubovu ulioanza kujijenga ndani ya waraka wenyewe. Ripoti ndefu iliyopita mikononi mwa watu wanne, yenye majedwali ndani ya majedwali, namba za aya zilizobandikwa kutoka waraka mwingine na alama za masahihisho ambazo hakuna aliyezikubali wala kuzikataa, huanza kwa vituko vidogo: namba za kurasa zinaruka, jedwali linahama, programu inajifunga yenyewe. Anayeona vituko hivyo akazidi kubofya kitufe cha kuhifadhi anaweka toleo bovu juu ya lililokuwa afadhali.

Kwa hali hiyo ipo njia ya zamani ambayo mafundi wa Word huijua. Word huficha taarifa nyingi za mpangilio katika alama ya aya (ile ¶ ambayo kwa kawaida haionekani) ya mwisho kabisa ya waraka. Mtu akifungua waraka mtupu, akanakili maandishi yote isipokuwa alama hiyo ya mwisho, kisha akayabandika humo, mara nyingi ubovu hubaki nyuma. Atapanga upya pambizo na namba za kurasa, jambo linalokera saa nane usiku, lakini maandishi yatakuwa mikononi mwake. Njia hii haisaidii kitu faili lisipofunguka, na ndiyo maana toleo la jana au la juzi lina thamani ambayo kuhifadhi mara mia leo hakuwezi kuifikia.

Hata hivyo, upande wa nakala nyingi nao hujidanganya kwa namna yake. Mwanafunzi mwenye nakala saba katika flashi moja ana nakala moja, kwa sababu flashi ikifa zinakufa zote. Na flashi zetu zina mengi. Zipo zinazouzwa kwa bei ya kutilia shaka zikiwa zimeandikwa GB 64 ilhali uwezo wake halisi ni sehemu ndogo tu ya hizo. Zikishajaa, huendelea kuonyesha majina ya mafaili na ukubwa wake, lakini ndani hamna kitu. Nyingi hutumia FAT32, mfumo wa kupanga mafaili usio na daftari la kumbukumbu linalosaidia kurekebisha mambo uandishi unapokatizwa. Tangu toleo la 1809 la Windows 10, la mwaka 2018, kompyuta imeacha kwa kawaida kuchelewesha uandishi kwenda kwenye flashi, hivyo kuichomoa baada ya kazi kwisha si hatari kama zamani. Lakini angalia kinachotokea kaunta: mteja anaharakisha basi la Sikonge, faili limefunguliwa moja kwa moja kutoka kwenye flashi yake, limesahihishwa humo humo, na flashi inachomolewa wakati kitaa chake bado kinapepesa. Hapo hakuna toleo la Windows litakalomwokoa.

Nionavyo, upande wa nakala una haki zaidi wakati kazi inaandikwa, na upande wa faili moja una haki zaidi baada ya waraka kupitishwa. Toleo la kila siku lianze jina lake kwa mwaka, mwezi na tarehe, ili kompyuta iyapange yenyewe na neno “mwisho” lisihitajike. Kazi ifanyike kwenye diski ya kompyuta. Flashi iwe ya kubebea tu. Waraka ukishasainiwa, matoleo ya njiani yafutwe. Wanaopendekeza kuandikia mtandaoni, kwenye Google Docs kwa mfano, wana hoja, kwani historia ya matoleo hutunzwa huko bila kuombwa, ila bando likiisha kazi huweza kusimama, na anayesahau kufunga akaunti yake kwenye kompyuta ya steshenari ameacha mlango wazi.

Linalobaki gumu ni steshenari zenyewe. Kompyuta zao huwa na mamia ya kazi za wateja waliochapisha na kuondoka, na wako wanafunzi walioikuta huko ripoti waliyodhani imepotea. Ni akiba ambayo hakuna aliyeipanga. Lakini humo humo mna barua za maombi ya kazi, vyeti vilivyoskaniwa na hati za talaka, na mteja anayefuata anaweza kuzifungua akisubiri zamu yake. Mwenye duka anayefuta kila jioni analinda siri na kupoteza akiba. Asiyefuta anafanya kinyume chake. Kumuuliza mteja kabla hajalipa kama kazi yake ibaki kwa wiki moja au ifutwe papo hapo kungechukua sekunde chache, na gharama yake ni foleni kuwa ndefu kidogo.