Mafungu Matatu ya Madaftari: Kufundisha Darasa Lenye Watoto wa Viwango Tofauti

Kila mwaka wa masomo unapoanza, husikika katika ofisi ya walimu kauli ileile kwamba vidole vya mkono havilingani. Kauli hiyo ni ya kweli, lakini mara nyingi hutolewa pale mwalimu anapotakiwa kueleza kwa nini watoto ishirini wa madawati ya nyuma hawajui kugawanya, na ikishatolewa mazungumzo huishia hapo. Mimi ni mwalimu wa Hisabati wa darasa la nne katika shule ya msingi ya umma, kwenye vijiji vinavyopanda mlima kutoka mjini Moshi, na maoni yangu ni kwamba tofauti za watoto ni jambo la kuandikwa katika andalio la somo kama tunavyoandika zana na muda. Kinachopaswa kugawanywa ni kazi. Tukiwagawa watoto wenyewe, tukawapa majina na mahali pa kudumu, tumeacha kufundisha.

Darasa langu mwaka huu lina watoto 73, wakati kiwango tunachoelekezwa ni watoto 45 kwa mwalimu mmoja. Sisemi hili kwa kulalamikia wingi wao, kwa sababu wapo miongoni mwao ambao kabla ya elimu bila malipo kuanza kutekelezwa Januari 2016 huenda wangerudishwa nyumbani kwa kukosa mchango. Hata hivyo ni lazima tukubali kwamba kati ya hao 73 yupo anayesoma hadithi nzima bila kukwama, yupo anayeunga silabi kwa kidole, na yupo anayekokotoa kichwani haraka kuliko mimi ninavyoandika ubaoni. Mwalimu anayeingia na swali moja, la kiwango kimoja, amewaandalia somo watoto thelathini hivi wa katikati, na waliobaki wamekuja kukaa tu.

Katika shule moja niliyofundisha awali, tulikuwa tukiwapanga watoto kwenye madawati kwa kufuata matokeo ya mtihani wa mwezi. Vipanga walikaa mbele na wale ambao wenzao waliwaita vilaza walikaa nyuma, na mimi nilishiriki kuwapanga hivyo nikiamini kwamba ninawapa ari. Baada ya miezi michache niliona watoto wa nyuma wameacha kunyoosha mikono kabisa, hata kwa maswali ambayo nilikuwa na uhakika wanayajua, kana kwamba dawati lilikuwa limeshajibu kwa niaba yao.

Ninafahamu hoja ya wanaotetea mikondo ya uwezo, na inastahili kujibiwa kwa haki. Mwaka 2011 wachumi Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer walichapisha utafiti uliohusisha shule 121 za magharibi mwa Kenya, ambapo katika baadhi ya shule darasa la kwanza liligawanywa mikondo miwili kwa kufuata alama za mwanzo na katika nyingine liligawanywa bila kufuata alama. Watoto wa mikondo ya alama walifanya vizuri zaidi, walioanza juu na walioanza chini pia. Nimeufikiria utafiti huo kwa muda mrefu, kwa kuwa unaonekana kunipinga. Lakini maelezo yanayotolewa na watafiti wenyewe ni kwamba mwalimu wa mkondo wenye viwango vinavyokaribiana aliweza kufundisha kuanzia pale watoto walipo, na tena shule hizo ziliongezewa mwalimu ili darasa ligawanyike. Mimi sina mwalimu wa ziada. Ninachoweza kuchukua hapo ni ule msingi wa kufundisha kuanzia pale mtoto alipo, nikautumia ndani ya chumba kimoja bila kumpa mtu yeyote jina la kudumu. Shirika la Pratham la India limefanya jambo la namna hiyo kwa miaka mingi, likiwaweka pamoja watoto wa madarasa tofauti kwa kiwango chao cha kusoma au kuhesabu kwa sehemu ya siku tu, kisha likiwapima tena na kuwahamisha wanaosogea.

Ili kuanzia pale mtoto alipo, sharti kwanza ujue alipo, na mtihani wenye vema na kosa haukuambii. Mwezi wa pili mwaka huu, mtoto mmoja aliniletea daftari ambalo ameandika kwamba 306 gawanya kwa 3 ni 12, na kabla yake alikuwa amekosa maswali mengine manne ya aina hiyo. Ningeweka alama ya kosa nikapita, kama nilivyofanya miaka mingi. Siku hiyo nilimwita mezani nikampa vijiti ambavyo darasa zima lilikusanya, tukavifunga kumi kumi na mia mia kwa kamba za mgomba. Nilimwekea mafungu matatu ya mia na vijiti sita, nikamwomba awagawie wenzake watatu sawasawa. Alimpa kila mmoja fungu la mia na vijiti viwili, bila kusita. Nilipomuuliza kila mmoja amepata ngapi, alijibu, "Mia moja na mbili, mwalimu." Nikamwambia aandike, naye akaandika 12.

Mtoto huyo alijua kugawanya. Asichokijua ni kwamba makumi yasipokuwepo, nafasi yao hutunzwa kwa sifuri, jambo ambalo ni la thamani ya tarakimu na lilipaswa kukaa sawa madarasa ya chini. Kama ningemwongezea maswali ishirini ya kugawanya, kama tunavyofanya katika masomo ya ziada, angeyakosa yote ishirini kwa sababu ileile. Nilimchorea safu tatu za mamia, makumi na mamoja, akakaa wiki moja na wenzake tisa waliokuwa na tatizo hilohilo, wakaandika namba tu bila kugawanya chochote. Watoto wanaokosa swali moja huwa na sababu tofauti tofauti za kulikosa, na dakika tatu za kumsikiliza mtoto akieleza alivyofanya zina faida kuliko saa nzima ya kurudia mada. Kwa watoto 73 siwezi kuwasikiliza wote, kwa hiyo huwasikiliza watano kwa siku wakati wengine wanaandika, na baada ya wiki tatu nimelimaliza darasa.

Baada ya hapo ndipo huja upangaji wa kazi. Hutunga fumbo moja linalowahusu wote, lenye viwango vitatu ndani yake. Kwa mfano, mama anapeleka ndizi soko la Kiboriloni na kuzipanga mafungu ya ndizi 8. Kundi la kwanza lina ndizi 24 na vizibo vya soda vya kuhesabia, nao wanapanga mafungu kwa mikono kisha wanaandika walichokiona. Kundi la pili lina ndizi 96 na halipewi vizibo. Kundi la tatu lina ndizi hizohizo 96, kila fungu likiuzwa shilingi 500, na nauli ya kurudi ni shilingi 1,000, wakitakiwa kupata fedha anayofika nayo nyumbani, kisha watunge fumbo lao ambalo ndizi zitabaki. Mwishoni tunazungumza pamoja, kwa kuwa wote wamekuwa katika soko lilelile, na aliyepanga vizibo anaweza kumweleza wa kundi la tatu kwa nini ndizi 100 zingeacha ndizi nne bila fungu. Hilo lisingewezekana kama ningewapa mada tatu tofauti, na mimi mwenyewe ningechoka kabla ya saa nne.

Makundi hayo hayana majina ya sifa, wala hayadumu zaidi ya wiki mbili. Mtoto aliye kundi la kwanza katika kugawanya anaweza kuwa kundi la tatu katika maumbo, na ninahakikisha darasa linaliona hilo.

Kuhusu kuwakalisha watoto wawili wawili wasaidiane, nimejifunza kutomweka mwenye uelewa wa haraka kuliko wote na yule anayehangaika kuliko wote. Pengo ni kubwa mno, na ndani ya dakika mbili wa kwanza ameandika jibu na wa pili ananakili. Wanaofaidiana ni wale waliokaribiana, mmoja akiwa ametangulia hatua moja tu, kwa sababu bado anakumbuka palipomkwamisha. Ninasisitiza pia haki ya hao wenye uelewa wa haraka. Tumezoea kuwafanya walimu wadogo kila wanapomaliza kazi, na kueleza kunamsaidia mtoto kweli, lakini mtoto anayeeleza kila siku anachokijua tangu mwaka jana naye amekosa elimu. Apewe swali linalomtoa jasho.

Jambo jingine halihitaji zana yoyote. Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani, alionyesha katika miaka ya 1970 kwamba walimu wakishauliza swali husubiri kama sekunde moja tu kabla ya kumtaja mtu au kujijibu wenyewe, na kwamba waliposubiri sekunde tatu au zaidi, majibu ya wanafunzi yalirefuka na waliojibu waliongezeka. Nilipoanza kulijaribu hili, ukimya ulinisumbua kuliko nilivyotarajia. Sasa huuliza, huhesabu moyoni hadi tano, huwaomba wanong'onezane na jirani, ndipo humtaja mtu yeyote, aliyenyoosha mkono na asiyenyoosha. Sauti ambazo sikuwahi kuzisikia tangu Januari nilizisikia mwezi Machi.

Kabla ya kumhesabu mtoto kuwa mzito, hakikisha pia kwamba anaona na kusikia. Asubuhi jua la Moshi huingia madirishani na kuufanya ubao ung'ae, na nimewahi kuwa na msichana aliyekuwa akinakili kutoka kwa jirani kwa sababu haoni ubao, huku sote tukiamini kwamba hajui. Mwenye ulemavu unaohitaji utaalamu zaidi anastahili mwalimu wa elimu maalumu, kama wale wanaoandaliwa katika Chuo cha Ualimu Patandi kule Arusha, na si aibu kwa mwalimu wa kawaida kuomba ushauri wao. Vilevile wapo wanaokosa mafumbo kwa sababu ya kusoma, na si kwa sababu ya hesabu. Wasomee fumbo kwa sauti uone kama watapata.

Kazi yote hii hushikiliwa na dakika tano za mwisho wa kipindi cha dakika 40. Huandika ubaoni swali moja tu, kila mtoto analijibu, na madaftari yanakusanywa. Sisahihishi kwa kuandika alama. Ninafungua, ninatazama, na ninaweka daftari katika fungu moja kati ya matatu: aliyeelewa, aliyekosea mahali pamoja, na asiyejua pa kuanzia. Madaftari 73 huchukua kama dakika ishirini na tano, na ukubwa wa kila fungu ndio unaonipangia somo la kesho. Azimio la kazi, yaani mpango wa mada za mwaka, linapodai nisonge mbele huku fungu la tatu lina madaftari thelathini, mimi husimama siku moja zaidi, na nimelieleza hilo kwa mwalimu wa taaluma bila kuficha.

Sehemu iliyo ngumu kwangu hadi sasa ni wazazi. Tangu mwaka 2023 Baraza la Mitihani la Taifa limeacha kutangaza shule bora na watahiniwa bora, lakini katika vikao vyetu swali la kwanza bado ni mtoto amekuwa wa ngapi. Mama wa yule mtoto wa vijiti aliniuliza hivyohivyo, nikamwambia, "Mama, alikuwa wa 61 na sasa ni wa 48, ila naomba kwanza utazame hapa." Nikamfungulia ukurasa wa Februari penye 12, kisha ukurasa wa Aprili ambapo 408 gawanya kwa 4 ni 102, na safu tatu zimechorwa kwa rula pembeni. Aliutazama ule wa Aprili kwa muda, akaniuliza ile sifuri ya katikati ni ya nini. Nikachukua vijiti.