Jeni za dopamini na upelelezi wa posa

Posa inapofika, Unguja hata Pemba, wazee hupeleleza kimyakimya kama ukoo wa upande wa pili una mtu wa wazimu, na siku hizi wapo vijana wasomi wanaoutetea upelelezi huo kwa hoja za jeni. Hoja hizo si za kupuuzwa. Dawa kama haloperidoli hutuliza sauti na dhana potofu za skizofrenia, mojawapo ya maradhi yanayoitwa wazimu, kwa kuziba vipokezi aina ya D2, yaani sehemu za seli za ubongo zinazopokea kemikali ya ujumbe iitwayo dopamini, na tangu miaka ya 1970 ilijulikana kwamba kadiri dawa inavyoshikamana na kipokezi hicho kwa nguvu, ndivyo dozi ndogo inavyotosha. Ilikuwa haki, basi, jeni ya DRD2, inayobeba maelekezo ya kuunda kipokezi hicho na iliyo katika kromosomu ya 11, ishukiwe. Mwaka 2014, baada ya tafiti nyingi ndogondogo zilizopingana, uchunguzi wa wagonjwa karibu 37,000 ulibaini maeneo 108 ya jeni yanayohusiana na ugonjwa huu, la DRD2 likiwemo.

Hapo ndipo watetezi wanapokomea, ilhali idadi hiyo ndiyo inayowaangusha. Kufikia 2022 maeneo yamekuwa 287, na takriban kila moja huongeza hatari kwa kiasi kidogo mno, kiasi kwamba wengi wanaobeba tofauti ya kijeni katika eneo la DRD2 inayohusishwa na ugonjwa huu ni wazima maisha yao yote. Kurithi kupo, sikatai: mtoto wa mgonjwa ana hatari ya kama asilimia 10, wakati kwa watu wote ni karibu asilimia 1. Lakini maana yake ni kwamba watoto tisa kati ya kumi hawaugui, na hata kwa pacha wa kufanana, mmoja akiugua, takriban nusu ya wenzao husalimika. Isitoshe, sampuli hizo zilitoka zaidi Ulaya na Asia ya Mashariki. Kuzipachika moja kwa moja juu ya watu wenye nasaba za Bara, Omani na India ni haraka isiyo na dalili.

Kwa maoni yangu, D2 inaeleza vizuri dawa inavyofanya kazi, lakini haitabiri nani ataugua. Tena klozapini, dawa nyingine ya ugonjwa huu inayoshikamana na D2 kwa udhaifu, huwafaa baadhi ya wagonjwa walioshindikana kwa dawa nyingine. Ajabu ni kwamba bangi nzito ya ujanani, iliyohusishwa na hatari ya skizofrenia katika tafiti nyingi, haipelelezwi kwa bwana harusi kwa ukali unaoelekezwa kwa shangazi wa bibi harusi.