Magari yanayobaki kambini kikosi kikisafiri yaachiwe nani?

Kikosi kikipelekwa nje watu wote huangalia wanaoondoka. Tangu KDF, jeshi letu la Kenya, waingie Somalia Oktoba 2011 habari ni za huko tu, mara Kismayu mara wapi, lakini malori yaliyobaki nyumbani hakuna anayeyauliza, na huku kwetu Mombasa chumvi ya bahari yala mpaka mabati ya nyumba.

Gari likisimama sana laharibika. Betri yafa, tairi zalala upande mmoja, oil sili, ile mipira ya kuzuia oil isitoke, zakauka zaanza kuvuja, dizeli ikiingia maji inaota uchafu unaoziba filta, na panya wakifika kwenye waya ndio basi tena. Wengi wadhani kupiga stata dakika tano kila wiki yatosha, la, injini haijapata joto la kukausha unyevu ulio ndani ya oil, breki na gia hazijaguswa kabisa. Lazima liendeshwe mpaka injini ipate joto sawasawa.

Sasa nani afanye? Wamarekani wakati wa Iraq na Afghanistan vifaa vingi vilivyobaki nyumbani waliviweka chini ya kamandi yao ya vifaa, wakaajiri kampuni za kiraia, vikishatengenezwa hata vikosi vingine vikapewa. Nawaelewa, maana askari wanaobaki huwa wachache na kazi ya kulinda kambi peke yake yawachosha, na kampuni ina karakana na mafundi wa kila siku.

Lakini kampuni yataka hela nyingi, halafu mafundi wa kikosi wakikosa kushika spana mkono unalala. Na dereva wa lori lile ndiye ajuaye gia ya tatu yagoma wapi, fundi wa mkataba atalijulia wapi?

Kuna hili la kung'oa spea pia. Askari aliye mbele vitani akihitaji giaboksi leo, kuitoa kwa gari lililobaki ni haki yake kabisa, mtu yuko hatarini. Ubaya ni ikitolewa bila kuandikwa, kikosi kinarudi kinakuta gari liko kwa karatasi tu.

Mimi naona kampuni ipewe kazi nzito, injini na bodi iliyoliwa na kutu, lakini kila kikosi kiache mafundi wake wa kweli, sio wale walioshindwa kusafiri tu, na kila spea inayotoka iandikwe kwa logbuku ya gari lenyewe na agizo la mpya litoke siku hiyo hiyo.