Kukesha, mbegu za kiume na hizi antioksidanti za asili

Kuna hoja inazunguka sana siku hizi, kwamba mwanaume anayekesha asihangaike, ameze tu antioksidanti za asili zinazotoka kwenye mimea, yaani viambato vinavyozuia chembe haribifu za oksijeni mwilini, na mbegu zake zitakuwa salama. Wanaopinga nao wanasema huo ni uongo mtupu wa wauza vidonge. Mi naona kila upande una lake la kusema, ila uzito haulingani.

Tuanze na usingizi maana hapo ubishi ni mdogo. Testosteroni, homoni kuu ya kiume, inapanda mtu akiwa amelala na asubuhi ndo inakuwa juu, sasa ukikata usingizi unakata na homoni. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago waliwalaza vijana 10 wenye afya zao masaa 5 tu kila usiku, na ndani ya wiki moja testosteroni yao ya mchana ikashuka kwa asilimia 10 mpaka 15. Wiki moja tu jamani, na kuna watu wanaishi hivo miaka! Halafu 2013 ukatoka utafiti wa Denmark wa vijana 953, wale wenye usingizi mbovu kabisa wingi wa mbegu zao ulikuwa chini kwa asilimia 29 kulinganisha na wenye shida kidogo. Huo wa Denmark ulipima kila kitu kwa wakati mmoja, kwa hiyo inawezekana mawazo, pombe au uzito ndo vinaharibu usingizi na mbegu kwa pamoja, lakini ukiuweka na ule wa Chicago picha inaeleweka.

Sasa antioksidanti zinaingiaje? Mbegu ya kiume ni seli iliyobanwa kweli kweli, kichwa kimejaa DNA, nyuma mkia, na ute wa ndani karibu haupo, kwa hiyo vimeng'enya vya kujilinda inavyo vichache mno, halafu utando wake umejaa mafuta ya aina inayoharibika haraka. Chembe haribifu za oksijeni zikizidi, utando unachakaa, mkia unakosa nguvu, DNA inakatika. Kwa hiyo wazo la kuikinga sio la kijinga hata kidogo.

Tatizo ni ushahidi unatoka wapi. Sehemu kubwa ni panya. Panya anawekwa juu ya kijukwaa kidogo kilichozungukwa na maji, akiingia kwenye usingizi wa ndoto misuli inalegea, anatumbukia, anashtuka, anapanda tena, hivo hivo kwa siku kadhaa. Wakimpima wanakuta korodani zina uharibifu wa oksijeni, testosteroni imeshuka, mbegu zimepungua, na kwenye baadhi ya majaribio waliopewa viambato vya mimea wameumia kidogo zaidi. Mi siyadharau hayo majaribio, yanatuonyesha njia madhara yanapopita. Ila yule panya hajakosa usingizi tu, amelowa, ameogopa, amejaa homoni za msongo, na mwanaume anayelala masaa 5 kwa miaka kumi ni habari nyingine kabisa.

Kwa binadamu matokeo hayajapendeza. Marekani kuna jaribio la MOXI lililotoka 2020, wanaume 171 wenye shida ya mbegu walipewa mchanganyiko wa vitamini C, E, D, seleniamu, zinki, folik asidi, likopini na karnitini au vidonge vitupu visivyo na dawa, baada ya miezi 3 mbegu hazikuboreka. Mwaka huo huo jaribio la FAZST lenye jozi 2,370 za wapenzi likapima zinki na folik asidi, watoto waliozaliwa hawakuongezeka na DNA iliyokatika ikaongezeka kidogo. Na hapa wengi hawajui, mbegu inahitaji kiasi kidogo cha hizo chembe za oksijeni ili iweze kulirutubisha yai, kwa hiyo kuzizima zote sio faida.

Mtetezi wa vidonge atasema hao wanaume hawakuchaguliwa kwa sababu ya kukosa usingizi, na ni kweli, hoja hiyo naikubali. Tena kuna walinzi, manesi, madereva, mababa wenye vichanga, ukimwambia "nenda kalale" ni kama unamtukana, hana huo muda. Hao wanastahili jaribio lao, na lihesabu mimba, sio mbegu peke yake.

Ila mpaka hapo kidonge hakirudishi homoni iliyokosa kupanda usiku, na ndo maana naumia kumwona mtu saa nane usiku yuko kwenye simu huku pembeni kuna kopo la vidonge vya uzazi, wakati mwanga huo huo wa simu unaibana melatonini, homoni ya usingizi, ambayo pia ni antioksidanti mwili unajitengenezea wenyewe bure. Matunda na mboga kula tu, hazina ubaya. Mbegu inachukua kama miezi miwili na nusu kutengenezwa, kwa hiyo hata ukianza kulala leo usipime wiki ijayo, subiri miezi 3. Kama mmetafuta mtoto mwaka mzima bila mafanikio pimeni wote wawili, ukiwa unakoroma na kukatika pumzi usiku mwambie daktari na hilo, na usikubali sindano za testosteroni wakati unatafuta mtoto kwa sababu zinaweza kuzima kabisa utengenezaji wa mbegu.