Soda Moja, Saini Moja, Mtaro Ule Ule

Hebu nielezeni, jamani. Mtu mzima, ndevu zake zimejaa, kanzu imepigwa pasi, anatoka nyumbani saa tatu asubuhi kwenda mkutano wa maoni ya bajeti ya kaunti, hapa Lamu. Anarudi saa saba na chupa ya soda mkononi. Akiulizwa kumesemwa nini, ajibu: "Wamesema watatuangalia." Watatuangalia! Kwani sisi ni mwezi wa Ramadhani?

Na huku kichochoroni mtaro umefurika, maji meusi yamepanda mpaka kwenye baraza, punda na mifuko yake ya mchanga amesimama katikati kama aliyeitwa kutoa ushahidi, na kila apitaye anaziba pua na kuilaani serikali. Serikali ipi sasa? Kura hupigwa sita kwa siku moja: rais, gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa kike, na huyu wa wadi ambaye wazee wa uwanja wa Mkunguni mpaka leo wanamwita diwani. Waheshimiwa sita, mtaro mmoja, na watu wanakwenda kumlilia chifu! Chifu, maskini ya Mungu, ni mtu wa serikali kuu. Mwambie habari za usalama au kitambulisho, atakusikiliza. Mitaro ya maji ya mvua, taka, taa za barabarani, masoko, chekechea na zahanati, Katiba ya 2010 imevitia kwenye kapu la kaunti, soma Jedwali la Nne. Mfuko wa mbunge nao ni wa mambo ya serikali kuu, kama madarasa. Hata huyo wa wadi hana chepe wala hundi. Kazi yake ni kutunga sheria, kupitisha bajeti na kuwabana watu wa gavana. Ukimwona anakata utepe, jua sherehe si yake, kaazima mkasi.

Balaa kubwa ni majira. Masika huingia Aprili na kushika Mei. Mtaro unafurika Mei, kelele zinapigwa Mei. Lakini makadirio ya bajeti ya kaunti kisheria hufikishwa kwenye bunge lake kabla ya 30 Aprili kupita. Yaani wewe unakunja suruali kuvuka maji, na kitabu kishafungwa! Mwaka wa fedha huanza 1 Julai, sawa, ila mradi wa mwaka huo ulitakiwa uwemo kwenye mpango wa maendeleo wa mwaka, na mpango huo huwasilishwa kufikia 1 Septemba iliyotangulia. Katikati hapo, mwisho wa Februari, kuna waraka wa mkakati wa fedha unaosema kila idara itapata kiasi gani. Hesabu kwa vidole. Mtaro uliofurika Mei 2026, ukiuwahi mpango wa Septemba 2026, fungu lake linaanza Julai 2027. Ongeza zabuni, ongeza kusubiri fedha zitoke Nairobi, ongeza idhini ya Msimamizi wa Bajeti maana bila yeye shilingi haitoki kwenye mfuko wa kaunti. Ukiiona saruji kabla ya masika ya 2028, chinja jogoo. Kesho, kesho kutwa, mtondo, mtondogoo: bajeti ni mambo ya mtondogoo.

Kwa hiyo mwenye akili zake hulalamika Julai na Agosti, kusi inavuma, kichochoro kikavu kau. Na hapo watu wanamcheka. "Mvua hakuna, huyu analilia mtaro! Kapatwa na nini?"

Kuna mlango wa nyuma, na ajabu hakuna anayeubisha. Kuzibua si kujenga. Kujenga mtaro ni mradi, kunataka mpango na zabuni na safari ile ndefu yote. Kuzibua, yaani watu wawili, chepe, mkokoteni na siku moja, ni matumizi ya kawaida ya idara, fungu ambalo halingoji mradi mpya. Ukiandika "tunaomba mtaro", umejipeleka mwenyewe kwenye foleni ya miaka miwili. Andika "tunaomba mtaro uzibuliwe wiki hii na uwekwe kwenye ratiba ya usafi", uone jibu linavyokuwa fupi.

Mkutano wenyewe nao! Tangazo hubandikwa leo, mkutano keshokutwa. Anayetoka Kiunga au Kizingitini ahesabu maji, upepo na nauli ya boti, huku wengine wametembea hatua hamsini na bado wamechelewa. Kitabu cha bajeti kinene kama godoro, kimeandikwa Kiingereza cha kihasibu, nakala tatu kwa ukumbi mzima, na mbili wamekalia waheshimiwa. Halafu unapewa dakika mbili. Sasa katika dakika mbili Mswahili akishasalimia meza kuu, akaomba radhi kwa wazee na akawakumbuka waliotangulia mbele ya haki, muda umekwisha na mtaro hajautaja.

Karatasi inayozunguka ndiyo ya kuchungwa. Jina, nambari ya kitambulisho, simu, saini. Watu wanatia saini mbio wakidhani ni orodha ya nauli. Ile ndiyo hati ya kwamba mmeshirikishwa! Na ushirikishwaji si maneno ya kupambia hotuba. Leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliokusudiwa Kwasasi, huku huku Lamu, ilifutwa na jopo la rufaa za mazingira mwezi wa Juni 2019, na hoja kubwa ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Neno zito hivyo, sisi tunalibadilisha na Fanta! Kama kitabu hukukiona, andika hivyo hivyo kando ya saini yako: "Sikupewa nakala." Maneno mawili, wino ni wao.

Na usitegemee mdomo. Mdomo haufailiwi. Andika ukurasa mmoja tu, maana wa pili hausomwi. Weka wadi na mtaa, mtaro unaanzia wapi na kuishia wapi, urefu kwa mita uliopimwa kwa kamba wala si kwa macho, upana na kina kwa sentimita, nyumba ngapi zinaingiliwa na maji, mvua ya tarehe gani. "Hali ni mbaya sana" si kipimo. Toa nakala mbili, peleka kwa karani wa bunge la kaunti, moja ibaki, moja igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe urudi nayo. Wakinyamaza, kuna Sheria ya Kupata Habari ya 2016: unauliza kwa maandishi mtaro wako umo au haumo, na wanatakiwa wajibu ndani ya siku 21. Watu hawaitumii. Wanaona afadhali kumtukana mtu kwenye simu usiku wa manane.

Haya, tuseme Mungu kajaalia, mwanakandarasi kaja. Usishangilie bado. Mji wa Lamu umeegemea kilima, vichochoro vinateremka kuelekea baharini, kazi nusu keshaifanya Mola. Ila fundi akitandaza saruji kwa jicho, mwinuko unageuka na maji yanakwenda kuswali msikitini badala ya baharini. Sentimita moja ya kuteremka kwa kila mita inatosha, na hupimwa kwa mpira mwembamba unaoonyesha ndani uliojazwa maji, si kwa "hapa pako sawa, mzee". Tazama na mchanga. Ukichotwa ufuoni una chumvi, chumvi inakula nondo, nondo zikishika kutu zinavimba na kupasua zege. Mfuniko mwembamba, punda mwenye mizigo anautoboa kwa kwato. Mfuniko mnene usio na tundu la kuingiza ndoano hauinuki, na usipoinuka hauzibuliwi. Chini yake kunajaa mavi ya punda, karatasi za mkate, na saruji ya jirani anayekorogea mlangoni kisha anaosha karai mtaroni jioni, kesho yake wa kwanza kulaani kaunti. Na ndani ya mji wa kale, ulioingia urithi wa dunia 2001, huvunji sakafu ya kichochoro bila watu wa Makumbusho ya Taifa kujua. Wasipoulizwa mapema, kazi inasimama njia panda, shimo wazi, na punda ndiye anayelikagua.

Mdomo wa mtaro huko pwani usisahaulike. Ukiwa chini mno, bamvua, yaani bahari inapojaa kupita kawaida, linaingia na maji ya juu hayana pa kwenda, hata mtaro uwe mpya unang'aa. Ukipita siku za maji mafu, bahari ikijaa kidogo tu, utasema kazi safi.

Kwa kawaida sehemu ya malipo ya mwanakandarasi huzuiwa miezi kadhaa mpaka kasoro zirekebishwe. Hiyo ndiyo miezi ya kelele, na watu ndiyo miezi wanayolala. Ngoja bamvua, maji yakiwa yamejaa, panda juu ya kichochoro na ndoo nne, zimwage moja baada ya moja, utazame maji yanapotuama. Piga picha, andika barua, nakala mbili, muhuri. Ila ndoo uchukue za kwako. Za mkutanoni zimegeuzwa viti.